Tope kwenye rejeta: kabla ya kuosha, jua ni tope la nini

Gari la zamani likianza kuchemsha kwenye foleni, na fundi akifungua mfuniko wa rejeta akakuta uji wa kahawia, jibu huwa moja: flashi. Mpira wa bomba unaingizwa juu, maji yanatoka chini mpaka yang'ae, yanajazwa mengine, gari linaondoka. Baada ya wiki mbili geji ya joto imepanda tena. Fundi aliosha kweli, ila hakuuliza anaosha nini. Tunachokiita tope la rejeta ni vitu kadhaa visivyo na undugu. Dawa ya kimoja haikigusi kingine, na dawa zikitangulizana vibaya hazifanyi kazi kabisa.

Tuchukue Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A kuwa mfano, maana nyingi za rika lake zimejengwa hivyo hivyo. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni ya alumini. Rejeta ina matangi mawili ya plastiki, juu na chini, na katikati yake vijibomba bapa vya alumini ambavyo uwazi wake wa ndani hauzidi sana milimita 2. Mfumo mzima unabeba takribani lita 6. Kama gari ni la otomatiki, ndani ya tangi la chini la rejeta kumefichwa kijibomba kingine kinachopoza oili ya giaboksi. Hicho tutakirudia, kwa sababu ndicho kinachogeuza tatizo dogo la rejeta kuwa gharama ya giaboksi nzima.

Tope linatoka wapi

Kutu ndiyo ya kwanza na ndiyo nyingi kuliko zote. Kulanti halisi, yaani kimiminika cha kupozea injini, ina vitu vitatu: ethilini glikoli, maji, na kemikali za kuzuia kutu. Glikoli haiishi haraka, na rangi haiishi haraka, lakini zile kemikali zinaliwa kidogo kidogo kila siku. Kulanti nyekundu ya Toyota ya miaka ile imepangiwa miaka 2 au kilomita 40,000. Baada ya hapo rejeta bado inaonyesha wekundu, na mwenye gari anaridhika, huku bloku ya chuma imeshaachwa bila ulinzi. Wengine hawafiki hata hapo, wanajaza maji ya bomba tangu siku walipolinunua gari. Kutu inayozaliwa ni unga laini wa kahawia unaosafiri na maji na kutua pale yanapopunguza mwendo: chini ya bloku kuzunguka silinda, kwenye tangi la chini, na ndani ya hita, ile rejeta ndogo inayopasha joto ndani ya gari.

Ya pili ni ukoko wa chumvi za maji. Hapa kuna jambo linalowapita hata mafundi wazoefu. Watengenezaji wa Japani kwa kawaida hutumia fosfeti kuzuia kutu na hukwepa silikati, kwa sababu ya sili za wota pampu. Wa Ulaya kwa desturi hukwepa fosfeti, kwa sababu maji ya kwao mengi ni magumu, na fosfeti ikikutana na kalisi iliyo kwenye maji magumu hujitenga na kuwa unga usioyeyuka. Sasa fikiria gari lililotoka Japani na kulanti ya fosfeti, likaongezewa maji ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika la chai. Kinga yote imegeuka tope, na tope lenyewe linajipaka mahali penye joto kali zaidi, yaani kuta za silinda hedi. Maji ya visima vya pwani yana kosa jingine: chumvi yake inatoboa alumini.

Ya tatu ni mchanganyiko wa kulanti zisizopatana. Nyekundu, kijani, bluu na waridi hazina kanuni moja duniani. Kila kiwanda kinatia rangi kiitakayo. Kulanti mbili za kijani zinaweza kukataana, na ya kijani na nyekundu zikapatana. Zinapokataana, kinachotokea ni ute mzito unaoning'inia, hasa kama moja ina silikati nyingi.

Hewa nayo inachangia kuliko inavyodhaniwa. General Motors ya Marekani ilianza kutia kulanti ya Dex-Cool kwenye magari yake miaka ya 1995 na 1996, na baadhi ya injini zikakutwa na tope zito la kahawia. Kesi za wateja zilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2008. Mazingira yaliyojitokeza mara kwa mara ni kiwango cha kulanti kushuka na hewa kuingia ndani ya mfumo. Kwa hiyo rejeta inayovuja taratibu na kuongezewa maji kila asubuhi inatengeneza tope hata kama kulanti ni ya bei mbaya.

Kisha kuna oili. Oili ya injini ikiingia kwenye maji, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi, au kipoza oili kwa injini nyingi za dizeli, unapata krimu ya kahawia isiyokolea. Oili ya giaboksi ikiingia kupitia kile kijibomba cha tangi la chini, krimu inakuwa ya rangi ya waridi.

Na mwisho, vitu tulivyovitia wenyewe: dawa za kuziba uvujaji, bizari, pilipili manga, ute wa yai. Bizari inaweza kuziba tundu dogo la rejeta, hilo halina ubishi. Lakini haichagui tundu. Vijibomba vya hita vinazibwa nayo pia.

Kulitambua

Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa kabisa. Mfuniko wa rejeta yenye moto ukifunguliwa hurusha maji yanayochemka usoni, na hakuna kitambaa kinachozuia hilo.

Chota tope kidogo kutoka shingo ya rejeta na jingine kutoka tangi la akiba. Weka kila moja kwenye chupa inayoonyesha ndani yenye maji safi, tikisa, acha saa moja. Unga unaozama na kuacha maji juu yakiwa na rangi ni kutu au ukoko. Ute unaobaki katikati bila kuzama wala kuelea ni kulanti zilizokataana. Utando unaopanda juu na kushika ukuta wa chupa ni oili. Thibitisha hilo la mwisho kwa tone la sabuni ya vyombo na maji ya moto: oili itavunjika na kuwa maziwa, kutu haitabadilika. Kwa unga mweupe au wa kijivu, dondoshea maji ya ndimu au siki. Ukitoa vipovu, ni chokaa ya maji.

Ukishaona oili, weka pembeni habari ya kuosha. Chomoa dipstiki ya giaboksi. Oili yake inatakiwa iwe nyekundu inayopitisha mwanga. Ikiwa imefifia na kuwa maziwa ya waridi, maji yameingia upande wa pili, na gari lisiendeshwe hata kufika gereji. Klachi za ndani ya giaboksi ya otomatiki zina nyuso za karatasi maalumu zilizogundishwa kwa gundi, na maji yenye glikoli yanaibandua. Kama giaboksi ni safi, angalia dipstiki ya injini na upande wa chini wa mfuniko wa oili. Kisha washa injini ikiwa ya baridi, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Vipovu vinavyoendelea kuja hata baada ya dakika kadhaa, au mpira wa juu unaokakamaa ndani ya dakika moja baada ya kuwasha wakati mfuniko umefungwa, ni gesi ya moshi inayopita kwenye gasketi. Gereji nyingine zina kifaa chenye kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi hiyo. Kina jibu la wazi kuliko kubahatisha.

Rejeta ikiwa ndiyo iliyovuja kwenye giaboksi, usiioshe. Tupa, nunua nyingine. Nani atakuambia tundu lile ni moja tu?

Kabla ya kuamua kuosha rejeta yoyote, ipime pia kwa joto. Injini ikiwa na joto la kazini na feni imezima, pitisha kipimajoto cha infraredi, kile kinachopima bila kugusa, juu ya uso wa rejeta, au kiganja kwa uangalifu mbali na feni (ya umeme huwaka bila taarifa). Joto linatakiwa lipungue taratibu kutoka upande maji yanapoingia hadi yanapotoka. Mistari ya baridi katikati ya moto ni vijibomba vilivyoziba. Kimoja viwili vinavumilika. Robo ya rejeta ikiwa ya baridi, kuosha kwa dawa hakutaizibua, kwa sababu dawa hupita palipo wazi, na palipoziba hapapitiwi na kitu.

Kuosha, kwa mpangilio wake

Oili hutangulia, asidi hufuata. Hii ndiyo sehemu inayokosewa zaidi. Oili ikiwa imefunika kutu, asidi haiifikii kutu hata ukiimwaga ndoo nzima. Kama tope lako halina oili kabisa, ruka hatua ya sabuni uende moja kwa moja kwenye asidi.

Mwaga kwanza. Rejeta ina koki chini ya tangi, lakini bloku nayo ina koki yake ubavuni, na hiyo ndiyo inayosahaulika. Ukifungua ya rejeta peke yake, kiasi cha theluthi moja ya maji, pamoja na sehemu kubwa ya kutu, kinabaki ndani ya injini. Koki ya bloku mara nyingi imeganda. Ipake dawa ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, na kama haitoki kwa nguvu ya kawaida iache, ikikatika ni balaa. Wakati inafunguka huenda usione kitu kikitoka. Chokonoa kwa waya laini: tope limejikusanya nyuma yake.

Toa thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji ya rejeta, na urudishe kifuniko chake na gasketi bila hiyo, kwa ajili ya kuosha tu. Weka kipande cha soksi ya nailoni ndani ya mpira wa juu, pale unapovishwa kwenye shingo ya rejeta, mdomo wa soksi ukiwa umekunjiwa nje na kubanwa na klipu. Soksi inanasa magamba yanayotoka kwenye bloku kabla hayajaingia kwenye vijibomba vya milimita 2. Ikague kila baada ya dakika 10, maana ikijaa inazuia maji na injini itachemka kwa sababu yako.

Kwa oili: sabuni ya unga ya mashine ya kuoshea vyombo, gramu 300 kwa lita 6 za maji, yaani asilimia 5. Ikikosekana, sabuni ya unga ya mashine ya kufulia isiyotoa povu, gramu 150. Iyeyushe nje kwenye ndoo ya maji ya moto kwanza. Sabuni ya maji ya jikoni inatoa povu, povu ni hewa, na hewa haipozi injini. Washa hita hadi moto wa mwisho, washa injini, iache ifike nyuzi 80 hivi na ikae hapo dakika 10. Zima, subiri ipoe chini ya nyuzi 50, mwaga. Rudia mpaka maji yanayotoka hayana utando; gasketi iliyopasuka kwa muda mrefu huhitaji mizunguko mitatu, minne. Suuza kwa maji matupu mara mbili.

Mipira ya rejeta iliyokaa na oili hubadilishwa yote. Bonyeza kwa vidole: iliyolainika na kuvimba imekwisha, hata kama haijavuja.

Kwa kutu na ukoko: asidi ya sitriki, zile chembechembe nyeupe zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki na juisi. Gramu 50 kwa kila lita ya maji zinatosha, yaani gramu 300 kwa Corolla yetu. Asilimia 10 ndiyo kikomo. Joto ni lile lile, nyuzi 80, dakika 10 hadi 15, kisha mwaga. Maji ya kwanza yatatoka meusi au ya kahawia iliyokolea, ya pili ya manjano yenye ukijani. Ukiona yametoka ya manjano hafifu, simama. Usiiache asidi ilale ndani usiku kucha. Kutu ikiisha inaanza kula alumini.

Kuna dawa mbili zisizoruhusiwa hata kwa masihara. Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, hula alumini na kutoa haidrojeni. Asidi ya betri na asidi za kuoshea vyoo hufanya kazi nzuri kwa dakika tano, na baada ya hapo rejeta, hedi na wota pampu ni chakula chao.

Baada ya asidi suuza, kisha jaza maji yenye vijiko viwili vikubwa vya bekingi soda, endesha dakika 5, mwaga, suuza tena.

Rejeta na hita zioshwe pia kinyume na mwendo wa kawaida wa maji, zikiwa zimetenganishwa na injini. Ingiza maji kwenye mdomo wa chini wa rejeta yatokee wa juu. Nguvu ya bomba la nyumbani inatosha. Mashine ya kuoshea magari inafumua maungio ya plastiki na alumini, na fundi atakuambia rejeta ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Kwa hita, chomoa mipira yake miwili kwenye ukuta wa injini na ubadilishane mwelekeo mara kadhaa. Mjini Dar es Salaam au Mombasa hita inaweza kukaa miaka kumi bila kufunguliwa, hivyo huko ndiko kutu ilikolala. Ukiisahau, itarudi kwenye rejeta mpya kidogo kidogo.

Rejeta za zamani za shaba zina faida moja: fundi rejeta anayeyusha risasi, anafungua tangi, na kupitisha bapa la chuma kwenye kila kijibomba. Za alumini na plastiki zinaweza kufunguliwa kwa kunyanyua meno ya kingo, lakini mpira wa kuzibia uwe mpya na meno hayavumilii kukunjwa mara nyingi. Kwa kawaida rejeta mpya inalipa zaidi.

Thamostati na mfuniko

Thamostati haiondolewi. Najua, gari lilipunguza joto fundi alipoitoa. Lakini kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina kazi mbili: inafungua njia ya rejeta na wakati huo huo inabana njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Vitabu vya ukarabati vya Toyota vinakataza kuitoa hata gari likiwa linachemsha. Ipime kwenye sufuria yenye maji na kipimajoto: inaanza kufunguka karibu nyuzi 82 na kufikia nyuzi 95 imefunguka kwa zaidi ya milimita 8. Ukiirudisha, kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kiwe juu, ndicho kinachotoa hewa.

Mfuniko wa rejeta wenye namba 0.9 unashikilia shinikizo linalopandisha mchemko wa maji matupu hadi karibu nyuzi 119 usawa wa bahari. Tope likikaa kwenye mpira wake, shinikizo linatoroka. Dar es Salaam maji hayo sasa yatachemka kwa 100. Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700, yatachemka karibu nyuzi 94, kabla hata thamostati haijafunguka kikamilifu. Gari lile lile lililoshuka salama pwani linachemsha likifika nyanda za juu, na lawama zinaangukia mlima. Badilisha mfuniko kila unapoosha mfumo.

Kujaza

Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyosafishwa, yanayouzwa kwa jina la maji ya betri. Soma lebo mara mbili, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo na chupa zinafanana.

Hata baada ya kumwaga, kiasi cha lita 2 za maji kinaweza kubaki kwenye bloku. Ukimimina kulanti iliyokwisha changanywa nusu kwa nusu, utaishia na theluthi moja. Kwa hiyo nunua ile nzito isiyochanganywa, mimina lita 3 kwanza, kisha jazia maji yaliyosafishwa.

Ili kujua kama ulichouziwa ni kulanti au maji ya rangi, chukua kiasi kidogo kilichochanganywa nusu kwa nusu, kifunge kwenye chupa imara, iandike, na uiweke kwenye friza usiku mmoja mbali na chakula. Friza ya nyumbani hufika kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Glikoli ya asilimia 50 haigandi mpaka ipite 35 chini. Ikiganda kuwa jiwe, umeuziwa rangi. Glikoli ni sumu yenye ladha tamu inayovutia watoto, mbwa na paka, hivyo chupa hiyo na kulanti chafu uliyoimwaga zisiachwe wazi wala kumwagwa kwenye mtaro.

Toa hewa ukiwa umeegesha pua ya gari kwenye mteremko, ikiangalia juu. Hita iwe wazi, mfuniko umetolewa. Binyabinya mpira wa juu huku injini ikinguruma polepole, ongeza kadiri kiwango kinavyoshuka, mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Funga.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia kiwango. Baada ya kilomita 500 fungua tena na uangalie rangi shingoni. Vumbi kidogo la kahawia ni mabaki ya bloku, na kulanti hiyo ibadilishwe mapema, baada ya miezi 6 badala ya miaka 2. Utando wa krimu ukiwa umerudi, uoshaji umefika mwisho wake. Kazi iliyobaki ni ya kunyanyua silinda hedi.